Mkono au Mashine: Nani Aichore Ramani ya Nyumba?

Dalali wa nyumba wa siku hizi ana njia mbili za kupata ramani ya nyumba anayotaka kuiuza. Anaweza kumtuma kijana mwenye tepu, daftari na kalamu ya risasi, naye akashinda huko nusu siku akipima ukuta hadi ukuta. Au anaweza kuingia mwenyewe na simu yenye skana, akaizungusha chumba baada ya chumba, na kabla chai haijapoa ramani imekwishatokea kwenye kioo pamoja na vipimo vyake. Watu wa mjini wanaulizana ipi bora. Wengi hujibu kwa kutazama bei na haraka. Mimi juma hili naomba tuitazame historia kwanza, maana jambo hili lina mizizi mirefu kuliko simu.

Tuanzie nyumbani, pwani. Mwashi aliyejenga majumba ya mawe ya Lamu alikuwa na kipimo mwilini mwake: shibiri, dhiraa, pima. Upana wa chumba uliamuliwa na boriti. Mti wa mkoko haubebi dari pana, kwa hiyo vyumba vikawa virefu lakini vyembamba, upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Kuta nazo zilikuwa nene, kiasi cha nusu mita. Na mtu alipouza nyumba, hati iliitaja kwa mipaka yake minne: kibla nyumba ya fulani, suheli njia, matlai kiwanja cha fulani, maghribi msikiti. Jirani ndiye aliyekuwa ramani.

Mpango huo ulitosha muda wote jirani alipokuwa anajulikana. Lakini hata Lamu yenyewe ilikuwa na fumbo lake. Mji ule una wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya njia, kikiziunganisha nyumba za pande mbili. Chini wapita watu na punda, juu analala mtu. Chumba kile ni cha nani? Ukitazama kiwanja peke yake hupati jibu. Lazima uchore ghorofa ya juu mbali na ya chini, na lazima umuulize mtu. Yakifika mambo ya mirathi, ndugu watano na nyumba moja, hapo ndipo mstari mmoja wa kalamu unapoweza kumpa mtu makao au kumtoa nje.

Katika karne ya 20 walikuja wapimaji wa tepu na karatasi. Peter Garlake alipima misikiti na majumba ya kale ya pwani yetu, likiwamo lile la Husuni Kubwa huko Kilwa, akachapisha michoro yake mwaka 1966. Baada yake Usam Ghaidan, msanifu majengo mzaliwa wa Iraq aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliuchunguza mji wa Lamu na kutoa kitabu mwaka 1975. Kazi za namna hiyo ziliwafunza wengi kuuthamini mji huo, hata mwaka 2001 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kazi ya mkono ina adabu yake. Mpimaji hupima kuta nne, kisha huvuta tepu kutoka kona hadi kona. Akipuuza kona, ataichora nyumba iliyopinda kana kwamba imenyooka. Ukuta mmoja una mita 4.20, wa mbele yake una mita 4.05, naye kwa uvivu anaandika 4.20 zote mbili. Hilo ndilo kosa kubwa la mkono: huchora nyumba inavyopaswa kuwa, badala ya ilivyo. Lakini mkono una fadhila moja. Hauwezi kuchora ukuta bila mwenye mkono kuamua kwamba huu ni ukuta, umebeba dari, na mlango ule wa pili ulizibwa zamani.

Sasa mashine. Mhandisi Ben Kacyra, mzaliwa wa Mosul aliyehamia Marekani, ni miongoni mwa walioleta sokoni skana ya leza ya kubebeka katika miaka ya 1990. Kanuni yake ni nyepesi kueleza. Mashine hutupa mwali wa mwanga, mwali hugonga ukuta na kurudi, na mashine huhesabu muda uliopita. Kwa ukuta ulio umbali wa mita 3, safari ya kwenda na kurudi huchukua sehemu 20 tu za bilioni ya sekunde. Rudia hivyo mara milioni nyingi, utapata nyumba nzima iliyotengenezwa kwa nukta. Baada ya masanamu ya Bamiyan huko Afghanistan kulipuliwa mwaka 2001, Kacyra na mkewe walianzisha mwaka 2003 taasisi ya CyArk, ili majengo ya kale yapimwe kabla hayajaangamia.

Hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka 2009 taasisi hiyo ilipima kwa leza makaburi ya Kasubi mjini Kampala, walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda. Tarehe 16 Machi 2010 jumba kuu la nyasi pale liliteketea kwa moto. Vipimo vilibaki. Hata hivyo, ndugu zangu, vipimo havikutosha. Paa la jumba lile lina duara 52 kwa ajili ya koo 52 za Baganda, na kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Skana iliona duara. Maana yake na namna ya kuezeka vilikuwa vichwani na mikononi mwa watu. Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, baada ya kazi ya miaka mingi.

Paris walipata somo hilohilo. Profesa Andrew Tallon alilipima kanisa la Notre-Dame kwa leza mwaka 2010, akakusanya nukta zaidi ya bilioni moja. Wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, nao walipanda darini miaka michache kabla ya moto, wakapima na kuchora mbao boriti kwa boriti. Paa lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, kazi zote mbili zilihitajika, na kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024.

Mtasema: sisi tunauza fleti, hatuuzi makanisa. Sawa. Skana ilianza kuingia katika simu za bei kubwa mwaka 2020, na macho yake hufika kiasi cha mita 5 tu. Kioo kikubwa huidanganya. Kabati la ukutani huweza kulisoma kama ukuta, na hapo chumba kimepungua. Wala haijui kama mwenye nyumba alijenga roshani ile kwa kibali au kwa ubavu.

Halafu kuna hesabu, nayo inagusa mfuko. Chukua nyumba ya kuta nene iliyo mraba, mita 9 kila upande kwa nje. Ni mita za mraba 81. Toa nusu mita ya ukuta kila upande, ndani zinabaki 8 kwa 8, yaani 64. Mita za mraba 17 zimepotea, zaidi ya sehemu moja ya tano, kabla hata hatujahesabu kuta za kati. Muuzaji anataja 81, mnunuzi anaishi katika 64, na wote wawili wana ramani iliyo sahihi. Hapo hakuna mashine itakayowaamua. Kinachotakiwa ni mtu aandike: nimepima nje, au nimepima ndani.

Sheria zetu zimeliona hilo. Tanzania ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za jengo mwaka 2008, na Kenya ikatunga yake mpya mwaka 2020. Mwenye fleti hewani hana udongo wa kuonyesha. Ramani iliyosajiliwa ndiyo mpaka wake, na Kenya inataka iandaliwe na mpima ardhi na kutiwa saini yake. Simu haitii saini, wala haiitwi mahakamani.

Ushauri wangu basi ni huu. Kwa tangazo la kupangisha fleti ya kawaida, tumia skana, kisha uhakikishe vipimo vitatu au vinne kwa tepu. Kwa nyumba kongwe iliyopinda, skana ipime na mchoraji achore, akiwa amesimama ndani ya nyumba yenyewe. Kwa kuuza, kurithi au kuweka rehani, mtafute mpima ardhi aliyesajiliwa, atumie chombo atakacho, mradi jina lake liwe chini ya karatasi.

Nawe mnunuzi, kabla hujafungua mkoba, uliza mambo matatu: imepimwa nje au ndani, imepimwa lini, na nani atajibu ikiwa si kweli. Na siku ya kwenda kuitazama nyumba, nenda na tepu yako mfukoni. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.