Kapkatet 1991: Siku KANU Ilipochagua Kutisha Badala ya Kubadilika

Swali la haraka: Kapkatet unaijua kwa nini?

Najua wengi mtasema chai, na hamjakosea. Pita barabara ya Kericho kwenda Sotik na utaona kijani hadi uchoke. Kuna kiwanda cha chai, kuna hospitali, kuna soko, na kuna wadi yenye jina hilo hilo ndani ya Bureti. Lakini kwenye historia ya siasa za Kenya, Kapkatet imeandikwa kwa sababu ya Jumamosi moja: 21 Septemba 1991. Siku hiyo wanasiasa wakubwa wa KANU kutoka Bonde la Ufa walifanya mkutano wa hadhara pale, wiki mbili tu baada ya mwingine kama huo Kapsabet. Ajenda ilikuwa kuiokoa KANU.

Mbona nakuletea stori ya mkutano uliofanyika kabla wengi wetu hatujazaliwa? Kwa sababu Agosti 2027 inakuja. Tutachagua rais, ndiyo, lakini pia tutachagua MCA wa kila wadi, na Kericho pekee ina wadi 30. Msimu kama huu kila chama hujipaka rangi mpya. Utasikia "tumezaliwa upya", utasikia "sasa ni zamu ya vijana". Hata KANU, chama kilichotuletea uhuru, imekuwa ikiambiwa ifufuke kila baada ya miaka mitano. Kabla hujapewa tisheti, jua kwanza mara ya mwisho chama hicho kilipopata nafasi ya kujirekebisha kilifanya nini.

Ukombozi wa nani?

Turudi mwanzo. KANU ilizaliwa Mei 1960 pale Kiambu. Kenyatta bado alikuwa amefungiwa, kwa hivyo uongozi ukaenda kwa James Gichuru, Oginga Odinga na Tom Mboya. Sasa sikia hii: kwenye orodha ya viongozi wa kwanza, Ronald Ngala aliwekwa mweka hazina na Daniel arap Moi msaidizi wake. Wote wawili wakakataa. Ndiyo, Moi yule wa Nyayo aliikataa KANU ikiwa changa kabisa.

Mwezi uliofuata, Juni 1960, wakaanzisha KADU huko Ngong. Huku kwetu kwenye chai, KADU ndiyo ilikuwa chama. Dkt. Taaitta Toweett, mtu wa Bureti, ndiye aliyekuwa anaongoza Kalenjin Political Alliance iliyoingia humo. Hofu yao haikuwa ya kijinga. Walikuwa wanauliza: Mzungu akiondoka, ardhi yetu itarudi kwetu au itaenda kwa jamii kubwa zenye nguvu? Ndiyo maana wakadai majimbo.

Na swali la ardhi huku halikuwa la nadharia. Mwaka 1919 karibu ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis zilipewa mradi wa maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani. Mradi ukaanguka, na ardhi haikurudi kwa wenyewe, ikaishia kwenye chai ya makampuni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria maalum ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho, familia nzima nzima, hadi Gwassi kule ziwani. Kwa hiyo neno "uhuru" lilipotajwa Kericho, watu hawakufikiria bendera tu. Walifikiria mashamba.

KANU ikashinda uchaguzi wa Mei 1963. Novemba 1964 KADU ikajivunja na viongozi wake wakahamia serikalini. Majimbo yakafa. Mashamba makubwa ya chai yakabaki kwa makampuni. Deni la kwanza liliandikwa hapo.

Chama kilichokufa kikiwa madarakani

Kuna tukio moja watu wa umri wetu tunafaa kulijua. Oktoba 1975, Bungeni, Martin Shikuku alisema kuna watu wanajaribu kuliua Bunge jinsi walivyoiua KANU. Akatakiwa athibitishe. Aliyekuwa kwenye kiti ni Naibu Spika Jean-Marie Seroney, Mnandi wa Tinderet, yule yule aliyekuwa ametoa Azimio la Nandi Hills la 1969 kudai ardhi ya walowezi irudi kwa wenyeji. Seroney akajibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili wakakamatwa, na wakakaa kizuizini hadi Desemba 1978.

Fikiria hiyo. Chama kilikuwa kinatawala nchi nzima, na tayari wanachama wake walijua kimekufa. Matawi hayakuwa na kazi. Uchaguzi wa chama haukuwa na maana. Kilichobaki ni jina, jogoo na serikali.

Moi alipoingia 1978 alikipa chama nguvu, lakini nguvu ya aina nyingine kabisa. Juni 1982 Katiba ikabadilishwa, KANU ikawa chama pekee kisheria. Waulize wazazi wako kuhusu kadi ya KANU, jinsi ungeweza kuidaiwa hata sokoni. Waulize kuhusu mlolongo wa 1988, watu kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Sheria ilisema ukipata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni unapita bila kupingwa. Shida ni kwamba foleni ndefu ilikuwa inatangazwa imeshindwa na foleni fupi, mchana kweupe, watu wakiangalia.

1990: mlango ulikuwa wazi

Hapa ndipo stori inaniuma zaidi. KANU ilipata nafasi.

Mwaka 1990 hasira ilikuwa imejaa nchi. Moi akaunda kamati ya kukagua chama, ikiongozwa na makamu wake, George Saitoti. Kamati ikazunguka nchi nzima kusikiliza wananchi. Na watu walisema! Walisema kuhusu wizi wa kura, kuhusu watu kufukuzwa chamani ovyo, kuhusu ufisadi. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mwananchi wa kawaida alisimama mbele ya wakubwa wa chama akawaambia ukweli bila kunong'ona.

Desemba 1990 wajumbe wakakutana Kasarani. Mlolongo ukaondolewa. Ile kanuni ya asilimia 70 ikaondolewa. Si haba. Lakini swali kubwa, watu kuruhusiwa kuunda vyama vingine, likawekwa pembeni. Ni kama mtu mwenye nyumba inayovuja akabadilisha mapazia.

Agosti 1991 wazee sita wakaanzisha FORD, akiwemo Jaramogi, Masinde Muliro na Shikuku yule yule wa 1975. KANU sasa ilikuwa na njia mbili. Moja: iendelee na ile kazi ya kusikiliza, iingie uwanjani, ishindane kwa sera. Ya pili: iwatishe watu.

Kapkatet

Kapsabet, 8 Septemba. Kapkatet, 21 Septemba. Kwenye mikutano hiyo wito wa majimbo ukafufuliwa, ule ule uliozikwa na KADU 1964. Lakini safari hii haukuwa mjadala wa jinsi ya kugawana madaraka na rasilimali. Ulikuwa onyo. Bonde la Ufa likatangazwa kuwa nyumba ya KANU, na wanaotaka vyama vingi wakaambiwa waziwazi hawana nafasi humo. Na kwa kuwa watu wa jamii zingine ndio waliodhaniwa kuunga mkono upinzani, kila mtu alielewa ujumbe unamlenga nani.

Tarehe 29 Oktoba 1991, wiki tano tu baada ya Kapkatet, mapigano yakaanza shamba la Meteitei huko Tinderet. Yakasambaa hadi mpaka wa Kericho na Kisumu, hadi Sotik na Borabu, hadi Molo. Chepilat, pale Mkipsigis na Mkisii wamekuwa wakiuziana maziwa na ndizi miaka yote, pakageuka mpaka wa vita. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa ripoti Septemba 1992: watu 779 wamekufa, maelfu kwa maelfu wamefurushwa. Na hiyo ilikuwa hesabu ya katikati, mapigano yakiwa hayajaisha.

Desemba 1991 Moi mwenyewe alikubali vyama vingi virudi. Kumbe hata kile kilichodaiwa kulindwa hakikulindwa. KANU ikashinda 1992 kwa takriban asilimia 36 ya kura za urais, kwa sababu upinzani uligawanyika. Ikashinda tena 1997. Kwa hesabu ya wanasiasa, vitisho vililipa. Lakini angalia nani alilipa bili. Mkulima wa Sotik alipoteza jirani na soko. Mtoto aliyefurushwa alipoteza shule. Na ardhi ya makampuni ya chai, ambayo ndiyo lilikuwa swali la asili, haikuguswa hata inchi moja. Hasira ya mashamba ilielekezwa kwa mtu mwenye ekari mbili, aliyezinunua kwa jasho lake, huku mwenye maelfu ya ekari akiendelea kuchuma.

Hilo ndilo ninalotaka ubaki nalo. Chama cha ukombozi kikishindwa kulipa deni lililokizaa, kitatafuta mtu mwingine wa kumlaumu. Mara nyingi mtu huyo ni jirani yako.

Koti jipya kila msimu

2002 KANU ikaanguka. Ikabaki na viti 64 kati ya 210 vilivyopigiwa kura, vingi vikitoka huku kwetu. Tangu hapo imejaribu kufufuka kwa kila njia isipokuwa ile ya matawini. 2007 ikaingia PNU wakati Kericho na Bomet zilikuwa ODM. 2012 Uhuru Kenyatta akaondoka na TNA yake, Gideon Moi akashika usukani.

Machi 2016 ukaja uchaguzi mdogo wa useneta Kericho, baada ya Charles Keter kuteuliwa waziri. KANU ikamsimamisha Paul Sang. Kwa wiki kadhaa jogoo alikuwa habari ya mjini tena. Sang akapata takriban thuluthi moja ya kura, Aaron Cheruiyot wa Jubilee akashinda. Thuluthi moja, kwenye ngome ya naibu rais wa wakati huo, si mchezo. Chama makini kingechukua kura hizo kikajenga matawi wadi kwa wadi. Lakini 2017 KANU ikamuunga mkono Uhuru, 2022 ikawa Azimio, na Oktoba 2025 Gideon Moi akajiondoa kwenye uchaguzi mdogo wa useneta Baringo na chama kikaelekea upande wa serikali. Mwanachama wa kawaida hakuulizwa popote.

Na sisi wapiga kura tusijifanye watakatifu. Huku kwenye chai tumevaa KADU, KANU, ODM, URP, Jubilee na UDA. Makoti sita. Malipo ya majani bado ni vita kila msimu wa bonasi. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho kwa sababu vijana waliona kazi inaisha. Makampuni makubwa yameuzwa kutoka mikono ya Waingereza hadi kwa wawekezaji wengine, na Talai bado wanadai haki.

Inawezekana kweli kufufuka?

Inawezekana. Chama cha Kaunda, UNIP, kiliangushwa Zambia Oktoba 1991, mwezi ule ule Meteitei ilipowaka, na Kaunda akakabidhi madaraka. UNIP haikuinuka tena, lakini Zambia haikuungua. Malawi nako, chama cha Banda, MCP, kilitolewa 1994. Mwaka 2013 wajumbe wake wakamchagua mchungaji, Lazarus Chakwera, na 2020 kikarudi madarakani. Lakini sikia mwisho wake: 2025 wapiga kura wakakitoa tena, maana maisha yalikuwa magumu. Sura mpya inaweza kukufungulia mlango wa Ikulu, lakini haiwezi kukuweka ndani kama unga bado haununuliki.

Kwa hivyo chama chochote, cha zamani au cha juzi, kikija Kapkatet kabla ya 2027 kuomba vijana, mimi ningeuliza maswali matatu. Uchaguzi wa viongozi wa wadi utafanyika lini, na nani atahesabu kura? Msimamo wenu ni upi kuhusu ardhi ya makampuni ya chai, mashine na bonasi, mkiutaja kwa maandishi? Na je, mtasema hadharani kwamba kilichotangazwa hapa 1991 kilikuwa kosa? Katiba ya 2010, kifungu cha 91, inakataza chama kuchochea vurugu na inadai uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Huo ndio mtihani wa chini kabisa.

Na wewe, kazi yako ni ndogo lakini ipo. Jisajili kupiga kura. Angalia kwa Msajili wa Vyama kama jina lako limewekwa kwenye chama usichokijua, maana wengi wamejikuta humo. Kisha uliza nyumbani: nani alikuwa Kapkatet siku ile, na alisikia nini? Wazee walioshuhudia bado wapo. Wakiondoka kabla hatujauliza, mwanasiasa atakayekuja na stori yake hatapata wa kumpinga.