Jinsi mitishamba inavyopimwa uwezo wa kuua viini

MAGOME ya muthiga, makali mithili ya pilipili, yametafunwa kwa vizazi vingi nchini Kenya kutibu kikohozi, maumivu ya meno na ya tumbo. Wamaasai huuita mti huo osokonoi, nao wanasayansi huuita Warburgia ugandensis. Ili kubaini iwapo magome hayo huua viini kweli, watafiti hufuata hatua maalumu.

Kwanza, mtaalamu wa mimea huutambua mti, kwani jina moja la kienyeji laweza kutumiwa kwa mimea tofauti. Magome hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika maji au spiriti ili kutoa kemikali zilizomo. Majimaji hayo huchujwa na kukaushwa hadi ibaki dawa nzito.

Kisha viini, kwa mfano bakteria aina ya Staphylococcus aureus wanaosababisha majipu, hupandwa juu ya ageri katika kisahani. Vipande vya karatasi vya upana wa milimita 6 vilivyotiwa dawa huwekwa juu yake, na kisahani huhifadhiwa katika joto la nyuzi 37 kwa saa 18 hadi 24. Dawa ikiwa na nguvu, duara lisilo na viini hutokea kuzunguka karatasi, nalo hupimwa upana.

Kando huwekwa karatasi mbili za kulinganishia: moja yenye kiuavijasumu kinachojulikana, nyingine yenye spiriti pekee. Bila hiyo ya pili, huenda spiriti ndiyo iliyoua viini, huku mti ukipewa sifa usizostahili.

Hata hivyo, kemikali nyingine hazisambai vyema katika ageri, hivyo duara dogo si ithibati ya udhaifu. Ndiposa dawa huzimuliwa mara kwa mara, ili kujua kiasi kidogo zaidi kinachozuia viini kukua.

Katika muthiga zimepatikana polygodial, warburganal na muzigadial, kemikali zinazodhuru kuvu na baadhi ya bakteria. Lakini kufaulu kisahanini si kuponya mgonjwa, kwani kinachoua viini chaweza pia kudhuru chembechembe za mwili. Sharti usalama na kipimo vichunguzwe kabla ya dawa kumfikia mgonjwa.

Aidha, mti unaobanduliwa magome pande zote hukauka. Kwa sababu hiyo, watafiti hupima majani pia, kwani huchumwa bila kuuangamiza mti.