Sanduku Lenye Kufuli Nne

Kila tarehe 31 Oktoba sisi Walutheri tunakumbuka Hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517. Tunahubiri habari ya neema, nasi tunafanya vema. Lakini tusisahau kwamba mlango ulioingiza ugomvi ule ulikuwa fedha.

Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa na deni kubwa kwa benki ya ukoo wa Fugger. Vyeti vya msamaha vilipouzwa, waumini waliambiwa kwamba sadaka yao inajenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Kumbe nusu yake ilikwenda kulipa deni la askofu. Aliyetoa hakuambiwa, wala hakuwa na mahali pa kuuliza.

Tusidhani hayo ni ya Ujerumani ya zamani tu. Hapa Tanzania tuliiona DECI. Waliokuwa wakiiongoza walijulikana kama wachungaji, na lugha yao ilikuwa ya kanisani: mtu "alipanda mbegu" ya fedha, akaahidiwa "kuvuna" zaidi. Mkulima wa Isansa anajua kwamba mbegu huota kwa jembe, mbolea na mvua. Mbegu ile haikuwa na shamba. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata. Mwaka 2009 Serikali ilisimamisha shughuli zake, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake kadhaa. Watu wengi walikuwa wametoa bila kuuliza maswali, kwa kuwa aliyepokea alishika Biblia.

Wala si Wakristo peke yao. Watawa wa Kibudha wamekatazwa na kanuni zao za kale hata kupokea fedha. Hata hivyo, mwaka 2025 polisi wa Thailand walimkamata mkuu wa hekalu mashuhuri, akituhumiwa kuchota mamilioni ya fedha za hekalu. Kanuni njema bila mtu wa kukagua haitoshi.

Je, wazee wetu wa Matengenezo walifanya nini? Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia, ulianzisha sanduku la pamoja, na Luther akauandikia utaratibu wao utangulizi. Walichaguliwa wasimamizi kumi: wawili kutoka kwa wakuu, wawili wa baraza la mji, watatu wa wenyeji wa mjini na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Mkuu hakuweza kulifungua bila mkulima. Mara tatu kwa mwaka usharika wote ulipaswa kukutana na kusomewa hesabu. Humo ndimo walimotakiwa kulipwa mchungaji na mwalimu, na kusaidiwa yatima, wagonjwa na wazee.

Haikuwa rahisi. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali za zamani za kanisa, na Luther alilalamika kwa mtawala. Tangu siku ile mwenye kushika fedha peke yake hapendi kufuli ya pili.

Mtume Paulo naye, alipopeleka changizo la Yerusalemu, hakusafiri nalo peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo alitaka mashahidi, mchungaji wa leo ni nani hata asiwatake?

Kwa hiyo kahawa na mahindi ya sadaka yakipigwa mnada, fedha zihesabiwe na zaidi ya mmoja, ziandikiwe stakabadhi, zipelekwe benki, na hesabu isomwe mbele ya washarika. Msharika akiuliza swali katika mkutano mkuu, tusimwite mchochezi. Ameshika ufunguo wake. Na sisi tulio madhabahuni tuwe wa kwanza kumkabidhi, maana swali lake linamlinda maskini aliyetoa, na linatulinda sisi tusiingie majaribuni.