Mbwa Aingie Wapi, na kwa Idhini ya Nani?

Kila unapozuka mjadala wa mbwa maofisini, mikahawani au ndani ya mabasi, watu hugawanywa upesi mafungu mawili: Wazungu wanaompenda mbwa na Waislamu wanaomkimbia. Mgawanyo huo unazidhulumu pande zote mbili. Mila hizi zote zimempa mbwa ruhusa na zote zimemwekea mpaka. Zinapotofautiana ni pale mpaka unapopita, na nani anabebeshwa jukumu la kuulinda.

Tuanze na pwani yetu. Waislamu wengi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nguo iliyolowa mate hayo haifai kwa swala mpaka itwaharishwe. Mtu anayeswali adhuhuri na alasiri akiwa kazini ana sababu ya haki ya kutotaka mbwa azurure kati ya meza. Hata hivyo, madhehebu hayohayo yanasema kwamba kikavu kikigusa kikavu hakinajisi, na wafuasi wa Maliki, walio wengi Afrika Kaskazini na Magharibi, humhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inahalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, na katika Al-Kahf inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni, amenyoosha miguu yake kizingitini.

Ujerumani, ambako mbwa hulala chini ya meza ya mkahawa bila mtu kushtuka, ukarimu huo una bei. Mwenye mbwa huilipa manispaa yake kodi ya mbwa. Kwenye treni za masafa marefu, mbwa mkubwa hukatiwa tiketi, hushikwa kwa kamba na hufungwa mdomo asing'ate. Wala mfanyakazi hana haki ya kumleta ofisini kwa matakwa yake tu. Sharti mwajiri akubali.

Uingereza imetofautisha mbwa kwa kazi yake. Chini ya Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, dereva wa teksi hawezi kumkataa abiria asiyeona kwa sababu ya mbwa anayemwongoza. Dereva ambaye afya yake haimruhusu hupewa cheti cha msamaha. Imani ya dini haitoi msamaha huo. Je, hapo dini imeshindwa? Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulijibu vizuri zaidi. Baada ya wanazuoni kutoa fatwa, ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake, ukatenga mahali pa mbwa kupumzika mlangoni, naye kijana akaingia kuswali. Twahara ya msikiti ilihifadhiwa, na mja hakuzuiwa.

Huo ndio mwelekeo ninaoutetea. Mbwa anayemwongoza asiyeona aingie benki, hospitali, basi na ofisi, maana kumzuia mbwa huyo ni kumzuia mtu. Mbwa wa kufugwa kwa mapenzi asubiri ridhaa ya wote wanaotumia chumba. Na wote ni pamoja na mhudumu anayefagia, ambaye ndiye atakayesafisha kinyesi na ambaye hathubutu kumwambia bosi hapana. Ridhaa yake itafutwe kwa siri, la sivyo haitakuwa ridhaa.

Chanjo nayo itangulie kila ruhusa. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote baada ya kung'atwa na mbwa. Ugonjwa huu huzuilika pale mbwa 70 kati ya kila 100 wanapochanjwa. Mama wa Temeke au Kisumu anayemvuta mwanawe kando akimwona mbwa asiye na kamba anaijua hatari hiyo, na wapenda mbwa hawana haki ya kumwita mshamba. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, walisema wahenga: tabia ya mnyama huulizwa kwa mwenyewe.

Kanuni ya namna hii haimlazimishi yeyote kumpenda mbwa. Inamtaka mwenye mbwa awajibike, na inamtaka asiyempenda amwachie njia anayemhitaji.