Joho la Wakili na Ardhi ya Rongai: Historia katika Filamu ya Nirgendwo in Afrika

Filamu ya Nirgendwo in Afrika, iliyoongozwa na Caroline Link na kutolewa Ujerumani mwaka 2001, husomwa hasa kama masimulizi ya uhamisho wa Wayahudi. Usomaji huo ni sahihi, ila hautoshi. Makala haya yanadai kwamba Rongai, karibu na Nakuru, si mandhari tu ya kisa hiki. Inabeba historia ya pili, ambayo filamu inaigusa bila kuisimulia.

Chimbuko la filamu ni riwaya ya kitawasifu ya Stefanie Zweig, iliyochapishwa mwaka 1995. Zweig alifika Kenya mwaka 1938, familia yake ilipowakimbia Wanazi, na alisoma Nakuru. Katika filamu, Walter Redlich, wakili aliyezuiwa kufanya kazi kwao, anakuwa msimamizi wa shamba la mlowezi. Anamkabidhi Owuor, mpishi wake, joho lake la uanasheria. Hii ndiyo taswira kuu ya filamu: bwana amevuliwa cheo, na mtumishi anavaa vazi la cheo hicho. Kiswahili nacho kinashiriki katika mgeuko huo, kwani Owuor, aliyeigizwa na Sidede Onyulo, ndiye mwalimu, na Regina, binti wa Walter, ndiye mwanafunzi.

Hata hivyo, joho halikubadili sheria. Nyanda hizo zilitengewa Wazungu. Sheria ya mwaka 1937 ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza mifugo ya maskwota na kuongeza siku zao za kazi. Huko Olenguruone, Wakikuyu waliohamishiwa hapo mwaka 1941 walikataa masharti ya serikali; kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa. Familia ya Redlich ilipata hifadhi katika bonde ambamo familia nyingine zilikuwa zikipoteza makao.

Mwishoni Walter anapata kazi ya ujaji na kurejea Ujerumani. Yeye alikuwa na mahakama ya kurudia. Owuor aliachiwa joho lisilo na mahakama. Haifai kumlaumu Link kwa kutosimulia kila jambo, hasa kwa kuwa kisa kinaonekana zaidi kwa macho ya mtoto. Ni wajibu wa mhakiki kuuliza kile ambacho mtoto hakuweza kukiuliza: ardhi hii ilikuwa ya nani?