Lenzi Mbili

Kamera yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo, imeshatumika, kwa pesa ya miezi saba ya kujinyima. Ilikuwa Canon ndogo ya kidijitali, ya aina ile yenye kioo ndani ambacho hunyanyuka kila unapobonyeza, na ilikuja na lenzi ya 18-55. Muuzaji aliifuta kwa pindo la shati lake, akanikabidhi na kusema, "Kaka, huu ni mwili tu. Sasa katafute viungo."

Nilidhani ananitania. Wiki ile ile nikajikuta naandika orodha. Lenzi ya kuvuta vitu vya mbali. Flashi. Stendi ya miguu mitatu. Betri ya pili, memori kadi mbili, filta ya kukinga kioo, begi. Nilipojumlisha, viungo vilikuwa vimepita bei ya mwili mara mbili. Nikabandika orodha ukutani juu ya kitanda na kuanza tena kula chipsi kavu.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Tanga kumpiga picha bibi. Tuna picha yake moja tu ya maana: ya studio, ya miaka ya sitini, amesimama na mkoba wa kuazima kando ya chungu cha maua ya plastiki. Babu alipofariki, picha tuliyoikuza kwa ajili ya msiba ilitoka kwenye kitambulisho, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesubiri kuitwa kaunta. Sikutaka yanikute tena.

Nyumba ya bibi ni ya Ngamiani, ya zamani, ukumbi mrefu wa ndani wenye dirisha moja. Alasiri yeye hukaa pale kwenye mkeka, kwa sababu ndiko kwenye ubaridi. Nilipiga picha arobaini. Zote zilikuwa na ukungu wa mtikisiko, kama mtu aliyepigwa akiwa ndani ya daladala. Nikafungua flashi ndogo ya kamera. Bibi akafunika uso kwa mtandio.

"Mume wangu, mbona unanimulika kama mwizi?"

Tulicheka, lakini jicho lake la kulia lilikuwa linatoa machozi. Nilipomtazama vizuri, katikati ya mboni kulikuwa na weupe, kama tui.

*

Niliporudi Dar nilitaka kujua kwa nini picha ziliharibika, na jibu nililipata kwenye namba ndogo zilizoandikwa mbele ya lenzi. Ukiivuta hadi mwisho, lenzi ya 18-55 hufungua tundu lake hadi 5.6 tu. Katika namba hizi, kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye 1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya ile. Mahali ambapo kamera yangu ilihitaji moja ya sita ya sekunde, na mikono ikatikisika, lenzi hiyo ingehitaji moja ya sitini.

Shida yangu ukumbini ilikuwa ndiyo shida ya kwanza ya picha zote za watu. Daguerre alipoutangaza ufundi wake Paris mwaka 1839, lenzi za wakati ule zilikuwa na tundu dogo mno. Jengo lilipigika vizuri, kwa sababu jengo halipumui. Mtu alilazimika kukaa juani kwa dakika kadhaa, baadaye hata kwa kibanio cha chuma nyuma ya shingo ili kichwa kisiyumbe.

Aliyekata fundo hilo hakuwa mpiga picha. Joseph Petzval alikuwa profesa wa hesabu Vienna. Mwaka 1840 alikamilisha lenzi ya 3.6, yenye kupitisha mwanga zaidi ya mara kumi ya zile za kawaida, na aliipata kwa kukokotoa karatasini badala ya kusaga vioo kwa kubahatisha. Alisaidiwa hesabu na askari wa mizinga, watu waliozoea kupiga mahesabu ya mahali kombora litakapoangukia. Voigtländer akaitengeneza na kuiuza. Petzval alilipwa kiasi kidogo, wakagombana, na hakimiliki yake haikuvuka mipaka ya Austria, kwa hiyo mafundi wa nchi nyingine wakainakili watakavyo. Mwaka 1859 wezi waliingia nyumbani kwake, na maandishi yake mengi ya lenzi yakapotea. Aliendelea kuishi hadi 1891, na kwa miaka hiyo yote studio za dunia zilikuwa zikichuma kwa lenzi yake na nakala zake.

Lenzi ya uso wa mtu ilipopatikana, studio zilisambaa hadi pwani yetu. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes tangu karne ya kumi na tisa, na Capital Art Studio ikafunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930. Lamu ilikuwa na Bakor, Mombasa ilikuwa na Parekh. Picha ya bibi na mkoba wa kuazima ni mjukuu wa mbali wa hesabu za Vienna.

Hata ile 50 ina ukoo. Umbo la vioo vyake linatokana na Planar, aliyoibuni Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss mwaka 1896. Lilikuwa umbo zuri lenye kasoro moja: kila mahali kioo kinapokutana na hewa, mwanga kidogo hurudi nyuma, na Planar ilikuwa na kuta nyingi za namna hiyo. Picha zilitoka zimefifia. Ilibidi kungoja hadi 1935, Alexander Smakula wa Zeiss alipogundua namna ya kupaka kioo utando mwembamba unaozuia mwanga kurudi. Ule urangirangi wa zambarau unaouona ukiinamisha lenzi ndio utando huo.

Namba 50 yenyewe ilitoka Wetzlar. Oskar Barnack alichukua filamu ya sinema ya milimita 35, akakata picha ya milimita 24 kwa 36, na kamera hiyo, Leica, ikaanza kuuzwa 1925 ikiwa na lenzi ya milimita 50. Wengine wakafuata. Na kwa wale wanaogombana Canon na Nikon kama Simba na Yanga, nina habari: kamera ya kwanza Canon kuipeleka sokoni, mwaka 1936, ilifungwa lenzi iliyotengenezwa na Nippon Kogaku, kampuni ambayo leo tunaiita Nikon.

Basi nikakata mistari kwenye orodha. Lenzi ya kuvuta vya mbali isubiri, 50 ipande juu. Nilikuwa na pesa ya hiyo, na ya flashi, na ya begi.

*

Ujumbe wa mjomba uliingia kwenye kundi la familia usiku wa Alhamisi. Bibi alikuwa amepimwa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Upasuaji, lenzi ya bandia, dawa, nauli, siku za kulala mjini. Kila mmoja atoe alichonacho.

Ningependa kuandika kwamba nilituma pesa usiku ule. Sikutuma. Nilikaa siku mbili. Nilijiambia mjomba ana duka, shangazi ana mshahara wa serikali, mimi ni kijana ninayeanza maisha. Nilijiambia hata kwamba lenzi yangu ni ya bibi pia, kwa kuwa ningempiga nayo picha. Jumamosi asubuhi nilisoma tena orodha ukutani, nikaona nimeandika "begi" kwa herufi kubwa, nikaona haya. Nilituma. Ilibaki pesa ya lenzi moja, nayo iwe ya mkononi.

Nilirudi Kariakoo, duka jingine. 50 ya kwanza waliyonionyesha ilikuwa safi kwa nje. Nilikuwa nimeshajifunza kuimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma, na ndani nikaona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Kuvu. Joto na unyevu wa pwani huzaa kuvu ndani ya lenzi zilizofungiwa kabatini, na ikikaa sana hula ule utando wa Smakula. "Vumbi tu hilo," alisema muuzaji. Tulibishana hadi akatoa nyingine chini ya meza. Ilikuwa ya toleo lile la 1990, la plastiki, gramu 130, imekwaruzika kila upande, lakini vioo vilikuwa vyeupe. Nikalipa.

*

Nilikuwepo bibi alipopimwa jicho. Daktari, dada mpole, alitueleza kwamba lenzi ya bandia ina upana wa milimita sita hivi, na huchaguliwa nguvu yake kwa kupima urefu wa jicho lenyewe.

Baadaye nilisoma habari zake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwatibu marubani walioingiwa machoni na vipande vya plastiki ngumu ya vioo vya ndege, akaona kwamba jicho halikukikataa kitu kile. Tarehe 29 Novemba 1949, London, alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ya aina hiyo. Jicho liliona, ila nguvu ya lenzi ilikuwa imekosewa na mgonjwa akawa haoni mbali. Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Uzeeni, Ridley mwenyewe aliwekewa lenzi za namna hiyo.

"Bibi," daktari akasema, "lenzi hii haivutiki. Ukiona mbali vizuri, kwa kusoma utavaa miwani. Unapenda ipi?"

Nilitabasamu peke yangu. Alikuwa anamwuzia 50: lenzi isiyovutika, yenye kupitisha mwanga tele, nawe uusogeze mwili wako.

Bibi hakufikiri sana. "Nataka kumjua anayeingia mlangoni kabla hajanisalimia. Msahafu nitausoma kwa miwani."

*

Wiki ya sita nilirudi Ngamiani. Alasiri, ukumbi ule ule, mkeka ule ule. Kwenye kamera kama yangu, yenye sensa ndogo kuliko picha ya Barnack, lenzi ya 50 huona kama 80, kwa hiyo nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Sikumulika chochote. Dirisha lilitosha.

"Mbona umekonda?" alisema kutoka upande wa pili wa ukumbi, na hapo ndipo nilipobonyeza.

Alitaka kuona. Nikampa kamera, akavaa miwani. Alinyamaza muda mrefu, kidole chake kikipita juu ya makunyanzi ya kwenye kioo kidogo.

"Ndivyo nilivyo?"

"Ndivyo ulivyo, bibi."

"Na nyote mlikuwa mnaniona hivi, mkanyamaza."

Nikacheka, akacheka, kisha akaniambia niisafishe kubwa, iwekwe kando ya ile ya mkoba. Akaongeza kwamba jicho la kushoto bado, na kwamba mjomba amesema baada ya mavuno.

Orodha bado ipo ukutani. Tangu hapo nimenunua betri moja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, ninavyoviweka na lenzi kwenye kopo la plastiki. Begi nimelikata. Flashi nayo. Chini kabisa nimeandika kwa kalamu nyingine: kushoto.