Njia mbili za catch kuelekea Bunia

Mieleka ya maonyesho, ambayo Wakongo wote huiita catch, ilifika Bunia kwa njia mbili. Ya kwanza ilitoka magharibi, Kinshasa, ambako mchezo huu uliota mizizi enzi za Zaire ukapata mabingwa wake, bendi zake na dawa zake. Ya pili ilitoka mashariki, ng'ambo ya Ziwa Albert, ndani ya kanda za video zilizorekodiwa Marekani. Kampuni nyingi zilizotengeneza mapambano yale ya kwenye kanda zimekwisha kufa, na Zaire nayo ilikufa pamoja na jina lake. Walioyatazama wanayakumbuka kwa mapenzi ambayo wageni wa mchezo huu huona shida kuyaelewa.

Jiografia ya mji inaeleza mengi. Bunia iko takribani kilomita 30 kutoka ziwani, na ng'ambo ya maji ni Uganda. Kwenda Kinshasa bila ndege, msafiri hupita Komanda na Mambasa, avuke msitu wa Ituri hadi Kisangani, safari ya karibu kilomita 700 kwa barabara, kisha ateremke na mto Kongo kwa siku nyingi. Bidhaa za Bunia, kuanzia sabuni hadi betri, zimezoea kupitia Kasenyi, Mahagi na Aru. Burudani nayo ilifuata njia za biashara.

Kupigana mieleka kwenyewe hakukuletwa na mtu. Upande wa kaskazini, Wadinka, Wamundari na Wanuba wana mieleka ambamo vijiji hushindana mbele ya wazee, na Waganda nao wanajua kumwangusha mtu chini tangu zamani. Catch ni jambo jingine. Ni mieleka ya tiketi, yenye ulingo wa kamba, mwamuzi, mavazi ya kung'aa na matokeo yaliyopangwa kabla. Ufaransa iliupokea mchezo huu mwaka 1933 kwa juhudi za Raoul Paoli, mwanamichezo aliyewahi kucheza raga, akishirikiana na Henri Deglane, bingwa wa mieleka wa Olimpiki ya Paris ya 1924. Ubelgiji, mtawala wa Kongo wa enzi hizo, ilikuwa na shujaa wake, Constant le Marin wa Liège. Mwandishi Roland Barthes aliiandikia catch insha mwaka 1952, akieleza kwamba mtazamaji wa catch hajali kama pambano ni la kweli: anakuja kuona haki ikidhulumiwa na kisha ikilipiza kisasi, waziwazi, mbele ya macho yake. Maelezo hayo yanafaa kwa Kinshasa kuliko yanavyofaa kwa Paris.

Zaire ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi iliyopenda jukwaa. Rais Mobutu alibadili jina la nchi kuwa Zaire Oktoba 1971, na mapema mwaka uliofuata raia wakaacha majina ya Kikristo. Timu ya Leopards ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 1974 na mwaka huohuo ikacheza Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, ambako ilifungwa mabao 9 na Yugoslavia. Alfajiri ya 30 Oktoba 1974, katika Uwanja wa 20 Mei jijini Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya nane. Serikali ilikuwa imeahidi kila bondia dola milioni 5. Vijana wa Kinshasa walijifunza usiku ule kwamba mwili wa mtu mmoja ulingoni unaweza kubeba heshima ya nchi nzima.

Ndani ya hewa hiyo catch ilikuwa na nyota wake, Kele-Kele Lituka, jina kubwa kuliko yote katika mieleka ya Zaire ya wakati huo. Waliokuwa watoto miaka ile walilitamka jina lake pamoja na majina ya wachezaji wa mpira na wanamuziki wa rumba, na waliokuja nyuma yake ulingoni walipimwa kwake.

Waliofuata waligawanyika katika matawi mawili. Wapo wa catch ya ufundi, wanaotegemea kunyanyua, kubana, kuruka kutoka juu ya kamba na kuyabana mabega ya mpinzani chini hadi mwamuzi amalize kuhesabu tatu. Na wapo wa catch ya fetishi, ambayo ni uvumbuzi wa Wakongo wenyewe na ndiyo iliyoufanya mchezo huu wa Kinshasa ujulikane duniani. Katika tawi hili mpiganaji hupanda ulingoni na dawa. Anapuliza unga, anafukiza moshi, anashika nyoka au kuvunja yai, na mpinzani wake analala usingizi akiwa amesimama, au anaanza kucheza ngoma asiyoitaka, au mikono inamganda. Pambano linageuka kuwa la uganga kwa uganga: aliyelogwa lazima apate wa kumzindua, naye akizinduka hurudisha pigo. Edingwe, anayejulikana kama Moto na Ngenge, ndiye aliyelifikisha tawi hili kwenye umaarufu mkubwa.

Si kila mtu alilifurahia. Wachungaji walikemea, na wapiganaji wa ufundi walilalamika kwamba dawa inaficha uvivu wa mazoezi. Hata hivyo ni vigumu kupata mchezo mwingine ulioichukua sanaa ya kigeni na kuifanya ya wenyeji kwa ukamilifu namna hii. Mpiganaji wa fetishi alileta ulingoni jambo ambalo watazamaji walikuwa wakilijadili majumbani mwao kwa sauti ya chini, yaani nani ana nguvu zilizofichika na amezitoa wapi, akalichezea hadharani, chini ya taa, mbele ya mwamuzi.

Pambano lenyewe lilianza saa nyingi kabla ya kengele. Wapiganaji walizunguka mitaa wakiwa juu ya magari, nyuso zimepakwa rangi au zimefunikwa na vinyago, bendi ya matarumbeta ikitangulia na watoto wakikimbia nyuma. Ulingo ulikuwa mbao juu ya fremu, mara nyingi katikati ya barabara au kwenye ua wa baa. Mchana wengi wao walikuwa mafundi wa magari, walinzi na wachuuzi, kwa kuwa mapato ya mlangoni hayakutosha kulisha familia. Baadaye wanawake nao waliingia, na baadhi yao wakawa na mashabiki kama wanaume.

Kisha nchi ikaporomoka. Uporaji wa Septemba 1991 na ule wa Januari 1993 uliharibu maduka na viwanda vya Kinshasa, na pamoja nao wafadhili waliokuwa wakilipia matangazo na zawadi. Mobutu aliondoka Mei 1997. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza Agosti 1998, nchi ilikatwa vipande: Bunia ikawa upande wa waasi na wa jeshi la Uganda, na njia ya kwenda Kinshasa ikafungwa. Catch iliendelea kuishi mitaani mwa mji mkuu, lakini kwa Bunia na mkoa wake wa Ituri njia ya magharibi ilikuwa imekufa.

Iliyobaki ni ya mashariki. Vibanda vya video vilienea Uganda, Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1980, na miji ya mpakani ya Kongo ikavipata kwa wafanyabiashara walewale walioleta vitenge na redio. Vifaa havikuwa vingi: televisheni, deki, mabenchi, na jenereta mahali ambapo umeme haukutosha, kwani Bunia ilitegemea bwawa dogo la Budana kwenye mto Shari, lililojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Filamu za karate na za vita zilikuwa nyingi. Mieleka ya Marekani ilikuwa na faida moja kuzidi filamu hizo: haikuhitaji kutafsiriwa. Mtu asiyejua neno la Kiingereza alimtambua mwovu tangu alipoingia.

Yaliyoonyeshwa kwenye kanda hizo yalikuwa mabaki ya ulimwengu uliokuwa ukifa. Tangu 1948 mapromota wa Marekani walikuwa wamegawana nchi yao kwa maeneo, kila mmoja akitawala lake, chini ya umoja wa National Wrestling Alliance. Vince McMahon alinunua kampuni ya baba yake mwaka 1982, akavuka mipaka ya wenzake kwa televisheni ya kebo, na katika muda wa miaka michache maeneo mengi yakafungwa au kuuzwa. Mojawapo lilikuwa la Memphis, jimbo la Tennessee, la Jerry Jarrett na Jerry Lawler: kipindi cha moja kwa moja kila Jumamosi asubuhi, na kila Jumatatu usiku mapambano katika ukumbi wa Mid-South Coliseum. Kampuni hiyo, Continental Wrestling Association, ilimezwa mwaka 1989 na nyingine iliyokufa 1997.

Kwa msomaji wa Ituri, Memphis ina umuhimu wa pekee, maana huko ndiko ilikobuniwa Uganda ya uongo. Mwaka 1982 Lawler na Jarrett walimchukua James Harris, mtu mkubwa mweusi kutoka Senatobia, Mississippi, aliyekuwa ametoka kupigana Uingereza, wakampaka rangi nyeupe usoni na nyota na mwezi kifuani, wakampa kinyago, mkuki na jina Kamala. Walisema ni mla watu kutoka Uganda, aliyewahi kumlinda Idi Amin. Picha za kumtambulisha, zilizodaiwa kupigwa Afrika, zilichukuliwa shambani kwa Jarrett, moshi wa barafu kavu ukitengeneza ukungu wa msituni. Hakuruhusiwa kuongea. Kando yake alitembea mwangalizi aliyejifunika uso na kuvaa kofia ngumu ya wakoloni.

Mtu wa Bunia, ambaye Uganda kwake ni soko, shule na ndugu walioolewa ng'ambo, alikuwa na haki ya kukasirika. Picha ile ilikuwa tusi, na ilibuniwa na watu ambao Uganda ilikuwa kwao jina la gazetini tu. Lakini haki inamdai mtazamaji aseme pia kwamba Harris alikuwa fundi. Alijua kuujaza ulingo kwa mwendo tu, kuogopesha na kuchekesha kwa kupiga tumbo lake, na kumwangukia mpinzani kwa uzito wote bila kumvunja. Mwaka 1992 alipambana na The Undertaker mbele ya umati wa makumi ya maelfu katika uwanja wa Wembley, London. Ukimweka karibu na Edingwe, tofauti inaonekana mara moja. Wote wawili waliuza uganga wa Afrika kwa tiketi. Wa Kinshasa alijitungia mwenyewe, kwa watu waliozijua dawa anazozichezea na wangemzomea akikosea. Wa Memphis alitungiwa, na aliye na fimbo alikuwa mtu mwenye kofia ya mkoloni.

Kampuni ya mwisho kubwa kufa ilikuwa World Championship Wrestling ya Ted Turner, iliyoanza 1988 baada ya yeye kuinunua kampuni ya familia ya Crockett. Katika kampuni hiyo Ron Simmons alimshinda Vader mjini Baltimore tarehe 2 Agosti 1992, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuushika mkanda wake wa dunia. Kuanzia Juni 1996 ilimshinda McMahon kwa watazamaji kwa wiki 83 mfululizo. Kisha ikaanguka kwa matumizi mabaya na ugomvi wa ndani, na Machi 2001 McMahon akainunua. Bunia wakati huo ilikuwa ndani ya vita vya Ituri, vilivyoanza 1999 na kuua makumi ya maelfu ya watu. Mei 2003 mapigano yalikuwa katikati ya mji, na mwezi uliofuata askari wa Ulaya wa operesheni Artemis, wakiongozwa na Ufaransa, waliingia wakakaa hadi Septemba.

Amani ya kadiri iliporudi, teknolojia ilikuwa imebadilika. Diski zilichukua nafasi ya kanda, kisha simu zikachukua nafasi ya diski, na mapambano ya kampuni zilizokufa yakaanza kupatikana bila deki wala benchi. Haki za kanda za World Championship Wrestling ziko mikononi mwa WWE, kampuni iliyokuwa ya McMahon. Harris alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari kati ya 2011 na 2012, akaendelea kutengeneza viti vya mbao kwa mikono yake, na kufariki tarehe 9 Agosti 2020. Kinshasa, ambako catch haikuwahi kuwa mali ya kampuni moja, hapakuwa na mtu wa kuinunua ili aifunge. Mpigapicha Mbelgiji Colin Delfosse aliwafuata wapiganaji wa mji huo karne hii, na katika picha zake wamesimama na vinyago vyao majumbani na mitaani mwao.